Kuchagua karavani ya kuishi na kufanyia kazi: mwongozo wa mtu wa Lubumbashi

Karibu kila juma kuna mtu anasimama kwenye geti la parseli (kiwanja cha nyumba) ninapoegesha, anaitazama karavani yangu, nyumba ndogo inayovutwa na gari, kutoka magurudumu hadi paa, kisha anauliza yale yale. Uliitoa wapi? Inavutwa na gari gani? SNEL, shirika la umeme, ikikata, kuranti (umeme) unapata wapi? Na masika je? Wengi ni vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta, wanaotaka kulala Likasi juma hili na Kolwezi juma lijalo bila kulipa hoteli kwa bei za migodini. Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani, basi nimeandika.

Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta. Karavani yangu ya kwanza niliichagua vibaya, kwa sababu nilipenda kitanda chake. Kitanda unakilalia gizani, macho yamefumba. Mezani unakaa saa 8 kila siku ukiwa macho, na mgongo wako unahesabu kila dakika. Ndiyo maana hapa kazi inatangulia na usingizi unafuata.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza kutafuta

- Kitabu cha gari lako, au picha ya kibao cha uzito kilichobandikwa mlangoni.
- Tepu ya kupimia ya mita 5, tochi kali, na bisibisi yenye mpini wa plastiki.
- Kompyuta unayofanyia kazi. Utaibeba kwenda kuangalia karavani, hata muuzaji akicheka.
- Orodha ya kila kifaa cha umeme unachotumia kwa siku, na saa unazokitumia.
- Mahali pa kuegesha palipokubaliwa na mwenye parseli.
- Akiba ya matengenezo. Mimi ninaweka robo ya bei kando, na haijawahi kubaki.

Hatua ya 1: Tafuta pa kuegesha kwanza

Watu hununua kwanza, halafu wanazunguka na karavani mtaani kama mtu aliyebeba kabati akitafuta nyumba. Tafuta parseli yenye ukuta, geti pana na mlinzi. Pima geti: karavani nyingi zina upana wa mita 2 hadi 2.5, na utahitaji nafasi ya kukata kona ukiingia. Mjulishe shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, mapema. Nyumba yenye magurudumu inazua maneno, na maneno ni rahisi kuyazuia kabla hayajaanza.

Usiegeshe chini ya mwembe. Kivuli chake kinatamanisha, lakini ifikapo Novemba maembe yanaangukia paa la alumini usiku kucha, na paneli zako za sola zinakaa gizani mchana.

Hatua ya 2: Soma uzito kabla ya kusoma bei

Kila karavani ina namba mbili muhimu. Ya kwanza ni uzito wake ikiwa tupu. Ya pili ni uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na kila kitu ulichopakia. Kwenye karavani za Afrika Kusini utaona T kwa uzito mtupu na GVM kwa uzito wa juu. Za Marekani huandika GVWR, kwa pauni. Zidisha kwa 0.454 upate kilo. Pauni 5,000 ni kama kilo 2,270.

Toa namba ya kwanza kutoka ya pili. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba, na kinaisha upesi. Tuseme ni kilo 400. Tangi la maji la lita 100 limeshakula kilo 100. Betri, paneli, friji iliyojaa, skrini, kiti, nguo, vifaa vya gari na gunia la unga wa bukari la kilo 25 vinamaliza sehemu kubwa ya zilizobaki.

Sasa rudi kwenye gari. Kitabu kinasema linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi? Hilux za dizeli za miaka ya karibuni, katika masoko mengi, zinaandikiwa hadi kilo 3,500. Gari dogo la mjini linaweza kuwa chini ya nusu ya hapo. Hiyo namba ni mwisho wa uwezo, siyo ushauri. Waingereza humwambia anayeanza kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Gari la kilo 1,900 basi livute kilo 1,600 hivi. Ukiwa katikati ya malori ya madini kwenye barabara ya taifa namba 1, utaipenda kanuni hiyo.

*Kosa la kawaida:* kulinganisha uwezo wa gari na uzito mtupu wa karavani. Hakuna anayesafiri na karavani tupu.

Hatua ya 3: Jua imetoka nchi gani

Hapa Lubumbashi nyingi zinapanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Utakuta za zamani kama Sprite na Jurgens. Umeme wake unalingana na wetu, tufe la chuma la kuvutia ni la milimita 50, na breki zake husukumwa zenyewe gari linapopunguza mwendo. Lakini kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo mlango uko upande wa kushoto. Kwetu tunaendesha kulia. Ukisimama kando ya njia, mlango unafunguka kwenye magari yanayopita. Ndani ya parseli hilo halina shida. Barabarani mfundishe kila mtu, hasa watoto, kuchungulia dirishani kwanza.

Ya Marekani ni kubwa na inapendeza, ila fahamu unachonunua. Umeme wake ni volti 120 kwa hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wetu ni 220 kwa hezi 50. Transfoma inabadilisha volti lakini hezi zinabaki zilivyo, na kiyoyozi kinaweza kukulalamikia. Breki zake nyingi ni za umeme, zinazohitaji kidhibiti kufungwa ndani ya gari. Tufe lake mara nyingi ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, au kubwa zaidi, inchi 2 na 5/16. Mkono wa karavani unaofunika tufe, ukiwa wa inchi 2, ukiuweka juu ya tufe la milimita 50 unaingia vizuri na unalegea kidogo tu. Hicho "kidogo tu" kwenye barabara yenye mashimo kinaweza kuiachia karavani. Badilisha tufe.

Hatua ya 4: Kaa mezani saa nzima

Hatua hii inarukwa na wengi kwa sababu inaonekana ya kitoto. Mwambie muuzaji unataka kukaa. Toa kompyuta, iweke mezani, fanya kazi ya kweli saa nzima. Muuzaji wangu wa pili alipiga simu mbili akidhani nimelala.

Meza nzuri ya kuandikia ina kimo cha sentimita 70 hadi 75 na kiti kama sentimita 45. Meza za karavani zimetengenezwa kwa sahani na kikombe: mguu mmoja, na ukiandika kwa nguvu skrini inacheza. Viti vyake ni masanduku yenye godoro. Mgongo wake umesimama wima, na chini hakuna nafasi ya kurudisha miguu. Baada ya dakika 40 utajua.

Mimi sasa natafuta karavani yenye vitanda vya watoto vya ghorofa. Unang'oa kimoja, unafunga ubao imara ukutani, unaweka kiti halisi cha ofisi, na unapata kona inayobaki ofisi hata usiku. Karavani ambayo meza yake ndiyo kitanda itakulazimisha kukunja ofisi kila jioni na kuitandaza kila asubuhi. Juma la kwanza utasema ni mazoezi. Juma la tatu utakuwa unafanya kazi ukiwa umelala, na kazi itaonekana imefanywa na mtu aliyelala.

Kama mko wawili, jaribuni wote wawili kwa pamoja, mmoja akiongea kwenye simu. Mama watoto alinionyesha hilo kwa dakika tano: alianza kupika, mimi nikaanza mkutano.

Angalia pia dirisha liko wapi. Likiwa nyuma yako, kamera itakuonyesha kama kivuli.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya umeme kwa karatasi

Usimuulize fundi "nahitaji betri ngapi?" kabla hujajua unakula kiasi gani. Zidisha wati za kifaa kwa saa unazokitumia, upate watisaa. Siku yangu ya kawaida iko hivi:

- Kompyuta: wati 50 kwa saa 8 = 400
- Skrini ya pili: wati 25 kwa saa 8 = 200
- Mtambo wa intaneti ya satelaiti: wati 60 kwa saa 9 = 540
- Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa: 450 hivi kwa siku nzima
- Taa, simu, pampu ya maji: 100
- Unaopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani): 150

Jumla ni watisaa 1,840.

Betri ya lithiamu-fosfeti ya volti 12.8 na ampea-saa 200 inahifadhi 2,560. Ukitumia asilimia 80 unapata karibu 2,050, siku moja na kidogo. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 inahifadhi 2,400 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usishuke chini ya nusu. Umebaki na 1,200, na saa 9 alasiri uko kimya. Ya risasi ni rahisi dukani, mimi nimeizika mara mbili.

Kurudisha: paneli za wati 500, saa 5 za jua kali, na robo ipotee kwa joto, vumbi na nyaya, ni 1,875. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, zinatosha. Katikati ya masika unaweza kupata saa 3 tu, na hapo ni 1,125. Una pengo la 700. Pengo hilo linazibwa na gari. Chaja ya ampea 30 inayochukua umeme wa injini inakupa karibu wati 400, kwa hiyo safari ya saa mbili kutoka Lubumbashi hadi Likasi inalijaza. Ukikaa mahali pamoja, tafuta jenereta ndogo au waya wa jirani.

Pima paa kabla ya kulipa. Wati 500 zinataka kama mita 2.5 za mraba bila tundu la hewa katikati. Na inveta iwe ya wimbi safi. Ile ya bei rahisi inafanya chaja za kompyuta zilie na kuchemka.

Ukichomeka kwenye kuranti ya SNEL, weka stabilaiza na swichi ya usalama ya miliampea 30. Volti zikirudi baada ya kukatika huja kwa hasira.

Hatua ya 6: Intaneti ya njia mbili

Alumini ya ukuta inazuia mawimbi. Simu inayosoma 4G vizuri nje inaweza kushika kidogo tu ndani. Chagua karavani ambayo unaweza kupitisha waya wa antena bila kutoboa ovyo. Tundu la friji au la dirisha linafaa. Nina laini mbili za kampuni tofauti. Starlink, intaneti ya satelaiti, ilipata leseni Kongo mwaka 2025, na ukiwa mbali na mji inafaa sana, ila inataka anga wazi na inakula betri kama ulivyoona juu. Usitegemee njia moja tu, hata iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 7: Tafuta maji yaliyojificha

Adui wa karavani ni mvua iliyoingia zamani. Ukuta ni ngozi nyembamba juu ya fremu ya mbao. Mbao ikioza, huioni kwa nje. Muuzaji mmoja aliniapia, "Papa, hii haijawahi kuvuja." Ilikuwa na miaka zaidi ya 20, na dari ilikuwa imepakwa rangi juzi.

Ingia, funga mlango, nusa kwanza. Harufu ya nguo mbichi ni jibu. Kisha gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, polepole, kuanzia pembe za madirisha hadi chini. Palipo pazima panalia kavu. Palipooza panajibu kama boga. Bonyeza kwa dole gumba chini ya kila dirisha na kuzunguka tundu la paa. Kanyaga sakafu kwa kisigino mbele ya mlango, mbele ya jiko, na kwenye pembe. Ikinesa, acha. Fungua makabati yote na umulike pembe za juu. Rangi mpya mahali pamoja tu ni swali, na karatasi mpya ya ukutani ni swali kubwa zaidi.

Ukiweza, njoo kukagua siku ya mvua ya Januari. Ukinunua wakati wa kiangazi, omba mpira wa maji na umwagilie paa nusu saa.

Hapo hapo chunguza mahali pa kuingilia vumbi letu jekundu: matundu ya friji, kizingiti cha mlango, sakafu pale mabomba yanapopita. Mahali panapopitisha mwanga wa tochi panapitisha vumbi, na vumbi hilo linapenda feni ya kompyuta.

Hatua ya 8: Lala chini uangalie

Wanaosema karavani haziwezi barabara za Afrika, wakumbuke kwamba mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa trela 41 za Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo. Walifika, ila walitengeneza sana njiani.

Angalia kutu kwenye chasi na nyufa penye viungo. Kwenye tairi tafuta namba nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi za trela hufa kwa umri zikiwa bado na meno; zikipita miaka 6, hesabu mpya kwenye bei. Inyanyue kwa jeki, zungusha gurudumu, sikiliza beringi. Breki zijaribiwe, usiambiwe tu. Trela inayozidi kilo 750 isiyo na breki iache ilipo.

Hatua ya 9: Maji na choo

Fupi: chukua choo cha kaseti. Unachomoa kisanduku cha lita 18 hadi 20 na kumwaga kwenye fosi septiki (shimo la maji machafu) ya parseli. Tangi kubwa la maji machafu la Kimarekani linahitaji kituo cha kumwagia, na mimi sijakiona hapa. REGIDESO, shirika la maji, ikikata utabeba bido (madumu), kwa hiyo mdomo wa tangi uwe mahali unapoweza kunyanyua lita 20 bila kuvunja kiuno.

Hatua ya 10: Karatasi

Namba ya chasi kwenye chuma ilingane na karatasi, herufi kwa herufi. Ikitoka Afrika Kusini, dai pia hati ya polisi ya kule kwamba haijaibwa, na risiti ya mauzo. Zungumza na deklaran, wakala wa forodha, wa Kasumbalesa kabla ya kulipa muuzaji, umpe picha za kila kitu, akuandikie gharama zote. Deklaran anayesema "yaya, tutaona ukifika" atakuonyesha kweli ukifika.

Hatua ya 11: Ishi ndani siku tatu bila kwenda popote

Egesha kwa rafiki, fanya kazi siku tatu bila kuchomeka popote na bila kuingia nyumbani kwake. Andika kila kilichokuudhi. Kinachoudhi siku ya pili kitakuwa hakivumiliki mwezi wa pili. Kama mauzo yanakubali siku za majaribio, zitumie hapo.

Onyo moja ambalo siliwekei namba

Juni na Julai usiku ni baridi, na tumezoea kuingiza mbabula yenye makala ndani. Kwenye karavani usifanye hivyo hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Makala hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba ni kidogo kuliko jiko la nyumbani. Wanaolala hawaamki. Nunua blanketi, na ufunge king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na kitanda.

Mambo yakienda kombo

*Betri imekwisha alfajiri.* Zima inveta usiku. Inakula hata ikiwa haina kazi. Kama bado, friji ndiyo inayohusika: angalia mpira wa mlango.

*Karavani inayumba barabarani.* Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki kwa ghafla. Ukisimama, hamishia vitu vizito mbele, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Uzito unaokaa juu ya tufe uwe asilimia 5 hadi 7 kwa karavani za Afrika Kusini na Ulaya, 10 hadi 15 kwa za Marekani, bila kupita kikomo cha gari.

*Gurudumu lina joto kali baada ya kilomita 30.* Beringi au breki iliyong'ang'ania. Usiendelee kwa matumaini.

*Friji ya gesi haipozi.* Mara nyingi karavani imeinama. Weka kipimo cha usawa sakafuni, inua upande mmoja kwa ubao, subiri saa kadhaa.

*Ukigusa bodi unasikia umeme.* Chomoa waya upande wa nyumba kwanza. Usirudi kuchomeka mpaka fundi apime waya wa ardhini.

*Asubuhi ya Juni kuta zinatiririka maji.* Ni pumzi zenu na mvuke wa sufuria. Acha tundu la paa wazi kidogo usiku, pikia nje.

*Mvua inapiga paa na mteja hasikii.* Hakuna dawa ya alumini. Masika radi zetu hupenda alasiri, basi mikutano naipanga asubuhi, nikikumbuka kwamba Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Wingu likiwa jeusi upande wa Kipushi, nachomoa waya za nje, naandika kwa ujumbe, na mkutano unahamia kesho.